Jaji Motley na Ombi la Kumtaka Ajitoe

Mabibi na mabwana, tuanze na mwaka 1975. Wanawake wanasheria wanaishitaki kampuni ya mawakili ya Sullivan & Cromwell, New York, kwa ubaguzi katika ajira. Kesi inamwangukia Constance Baker Motley, jaji wa mahakama ya shirikisho, ngazi ya chini kabisa ambako ushahidi hupokewa. Upande wa utetezi unamtaka ajitoe: ni mwanamke, ni mweusi, na kwa takriban miaka 20 alikuwa wakili wa haki za kiraia.

Alikataa. Kila jaji wa mahakama ile, alisema, ana jinsia yake, ana rangi yake, na wengi wametoka kwenye uwakili. Hayo yakitosha kumwondoa mtu, nani atabaki kuisikiliza kesi? Anayemkataa jaji aoneshe maslahi au chuki mahususi. Asili ya mtu si ushahidi. Kwangu mimi, uamuzi ule mfupi unazidi hukumu zake nyingi ndefu.

Huyu alizaliwa New Haven mwaka 1921, wazazi wakitokea kisiwa cha Nevis. Alihitimu sheria Columbia mwaka 1946, akafanya kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili maarufu wa haki za kiraia, yule yule aliyewasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1960. Mahakama Kuu ya Marekani alisimama mara 10, akashinda 9. Na ndiye aliyemwongoza James Meredith mahakamani hadi Chuo Kikuu cha Mississippi kikafunguliwa kwa mweusi, mwaka 1962.

Rais Johnson alipomteua Januari 1966, ushindi ule ulimgharimu. Jina la mteule hupitia kwanza Kamati ya Sheria ya Seneti, na mwenyekiti wake alikuwa James Eastland, seneta wa Mississippi hiyo hiyo. Kura ya Seneti ilipatikana tarehe 30 Agosti, baada ya miezi saba ya kungoja. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho. Akishaapa, jaji hana muhula, na mshahara wake haupunguzwi. Kumwondoa kunataka ashitakiwe na Baraza la Wawakilishi, kisha theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamtie hatiani.

Mwaka 1978 akaamua kesi ya mwandishi wa michezo aliyezuiwa, kwa kuwa mwanamke, kuingia vyumba vya wachezaji Yankee Stadium, uwanja wa besiboli wa New York. Mambo yenyewe hayakubishaniwa, hivyo hakukuwa na haja ya kuita mashahidi. Kilichoamua ni umiliki: uwanja ulikuwa mali ya jiji, basi Katiba, inayoikataza serikali kubagua, inahusika. Na faragha ya wachezaji? Wawekewe pazia. Au wajifunge taulo!

Mwaka 1986, akiwa na miaka 65, akawa jaji mwandamizi: mshahara ule ule, mafaili machache zaidi, na kiti chake kikaachwa wazi kwa uteuzi mpya. Aliendelea kupokea kesi hadi alipofariki Septemba 2005.