Upepo wa Mbisho: Kutoka Dunga hadi Uwanja wa Ndege wa Kisumu

Vijana wangu, tazameni mwembe ule nje. Asubuhi mlipoingia matawi yalielekea ziwani. Sasa ni saa tisa, yanaelekea mjini. Jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi ikishapata joto hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Ndiyo maana wavuvi wenye matanga wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, wakarudi alasiri na wa ziwani.

Anayechelewa kutoka huukuta usoni. Watu wa pwani huuita upepo wa mbisho, na kwenda kinyume nao ni kubisha. Neno ni lile lile la mabishano, nami nalipenda kwa hilo: nahodha hakubali kushindwa, lakini pia haendi kifua kwa kifua. Hukata mshazari upande mmoja, akageuza tanga, akakata upande wa pili. Nilimwona mzee mmoja Dunga, kamba ameizungusha mara mbili kwenye ubao, kijana wake akichota maji kwa mtungi wa plastiki uliokatwa. Kila walipogeuza, chombo kilitetemeka chote. Ukikata kwa nyuzi 45 kutoka upepo unakotokea, kilomita 10 huwa 14 na zaidi.

Ndege haibishi, huvumilia. Tuseme inakwenda kilomita 500 kwa saa, safari ni kilomita 600, na upepo ni 100. Kwenda kinyume nao ni dakika 90, kurudi nao ni 60: jumla 150. Pasipo upepo ingekuwa 144. Msidhani basi kwamba upepo hurudisha wakati wa kurudi ulichochukua wakati wa kwenda.

Lakini kwa kuruka na kutua, rubani huutaka upepo huo huo. Bawa hujali mwendo wa hewa inayolipitia, si mwendo wa magurudumu. Ikihitajika 200, na upepo wa mbele ni 30, magurudumu yakifika 170 yatosha. Njia ya kurukia na kutulia ndege hapa Kisumu ina namba 06 na 24, yaani nyuzi 60 na 240 za dira. Upepo wa ziwani ukikaza, ndege hutua ikitokea nchi kavu, pua ikielekea ziwani.

Mkipita uwanjani leo, tafuteni ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti. Mkia wake unakoelekea, huko ndiko ndege itakakotokea. Haya, mwenye swali?