Chama Kinapokufa, Ahadi Yake Humdai Nani?

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumzie kuyumba kwa kura, yaani jinsi nguvu za vyama zinavyobadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na uthabiti wa mifumo ya vyama. Nitakaa zaidi hapa kwetu Kenya, kwa sababu tunasemwa sana kwa jambo hili, kwamba sisi ni vigeugeu, na nadhani tunasemwa vibaya.

Kwanza kipimo chenyewe. Mwaka 1979 Mogens Pedersen, mwanasayansi wa siasa wa Denmark, alipendekeza njia nyepesi. Chukua asilimia ya kila chama katika chaguzi mbili zinazofuatana, tafuta tofauti bila kujali kimepanda au kimeshuka, jumlisha, kisha gawanya kwa mbili. Sifuri maana yake hakuna kilichosogea. Mia maana yake vyama vyote vya jana vimetoweka na vipya vimekalia nafasi zao.

Sasa tukipime bunge letu kwa viti. Mwaka 2002 NARC, muungano wa upinzani, ilipata viti 125 kati ya 210 vya kuchaguliwa, na KANU, chama kilichokuwa kikitawala, 64. Miaka mitano baadaye NARC imebaki na viti vya kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, KANU ina 14, na wakubwa ni ODM ya Raila Odinga yenye 99 na PNU ya Rais Mwai Kibaki yenye 43. Katika uchaguzi wa 2002 ODM na PNU hazikuwepo kabisa. PNU iliundwa Septemba 2007, uchaguzi ukafanyika Desemba! Piga hesabu, utapata zaidi ya 80.

Mtu akiiona namba hiyo akiwa mbali atasema Mkenya ni kigeugeu. Mimi nakataa. Mfuateni mpiga kura mmoja wa Bondo, kule Nyanza. Mwaka 1992 alipigia simba, alama ya FORD-Kenya, chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1997 alipigia trekta la NDP, maana Raila, mwana wa Jaramogi, alikuwa amehamia huko. Mwaka 2002 akaingia NARC, na kuanzia 2007 amekuwa na chungwa la ODM. Mwende na Kiambu: kuna aliyepigia taa ya DP ya Kibaki, akaja PNU, akaja njiwa wa TNA ya Uhuru Kenyatta mwaka 2013, akaja Jubilee, na mwaka 2022 akajikuta na wilibaro ya UDA. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, mpiga kura alisimama palepale na watu wake na kiongozi wake. Waliohama ni vigogo, na kila walipohama walibeba chama mfukoni au waliacha ganda lake nyuma.

Kwa hiyo wataalamu hutenganisha kuyumba kwa aina mbili. Kuna kura kuhama kati ya vyama vilivyopo, na huko ndiko kuadhibu na kutuza; demokrasia inakuhitaji. Na kuna kuyumba kunakotokana na vyama kuzaliwa na kufa. Sisi tumejaa aina hii ya pili, nayo inatuumiza.

Inaumizaje? Mwaka 2013 muungano wa Jubilee, wa Uhuru Kenyatta na William Ruto, uliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Baadaye zikaja tabuleti, na si kwa kasi iliyoahidiwa. Mzazi aliyekasirika angemwadhibu nani? Septemba 2016 TNA, URP ya Ruto na vyama vingine vikavunjwa pale Kasarani, Nairobi, kuunda Chama cha Jubilee. Mwaka 2017 kikapata viti 171 bungeni, ukihesabu na vya kuteuliwa. Kufikia 2022 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila, naibu wake William Ruto yuko UDA, na Jubilee ikaambulia 28. Wawili walioahidi pamoja walisimama pande mbili za karatasi ya kura, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Mzazi yule hakuwa na kisanduku cha kuweka alama ya hasira yake.

Linganisheni na Ghana. Tangu 1992 kuna mwavuli wa NDC na tembo wa NPP. Madaraka yamebadilishana mikono mwaka 2000, 2008, 2016 na 2024. Kila safari aliyeshindwa amekwenda upinzani kwa jina lilelile na deni lilelile, na amerudi kulijibu. Ghana nako kuna ukabila na kuna fedha katika siasa, lakini mwenye kinyongo na NPP anajua wapi pa kuipata.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, Ibara ya 91, inakataza chama kujengwa juu ya kabila au eneo, na Sheria ya Vyama vya Siasa inataka Mfuko wa Vyama utengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Nathamini hayo, ila nayaona hayagusi mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Mgombea akidhulumiwa cheti katika mchujo, anasimama huru, au uchaguzi unaofuata anakwenda zake chama kingine. Akipewa kwa haki na wanachama walioandikishwa kweli, ana sababu ya kubaki, na anayeshindwa pia.

Jaribio letu kubwa ni ODM. Kimeshiriki chaguzi kuu nne kwa jina moja, jambo adimu kwetu, lakini kilifanya hivyo Raila akiwa hai. Alifariki Oktoba 2025, na sasa tutaona kama chama kitadumu bila yeye. FORD-Kenya ilibaki hai baada ya Jaramogi kufariki Januari 1994, lakini ngome yake ya Nyanza ilikuwa imekwisha kuiacha kufikia 1997. Wanafunzi wangu wa siasa, msikae mkihesabu viti tu mwaka 2027. Nendeni kwenye mchujo, muone ni nani anayeshika daftari la wanachama.