Ndege Ipo, Injini Haipo

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Neema, niko hapa Moshi na kaka Elia, na leo tunaongea ndege. Kaka, pole na yale ya wiki iliyopita.

ELIA: Nimeshapoa, dada. Wageni wangu wanne wa kupanda Mlima Kilimanjaro walikuwa waingie uwanja wa ndege wa KIA saa nane mchana wakitokea Dar. Ndege ikasogezwa hadi saa kumi na mbili, halafu ikafutwa. Kesho yake asubuhi wapagazi kumi na wawili wako geti la Machame, mizigo imeshapita kwenye mzani, mpishi kafunga mayai na mitungi ya gesi, wageni hawapo. Wamekaa kwenye nyasi mpaka saa tisa. Wale ni watu wanaolipwa kwa siku.

NEEMA: Mliambiwa sababu?

ELIA: "Sababu za kiufundi."

NEEMA: Ndipo ninapotaka tuanzie hapo. Msikilizaji anasikia sababu za kiufundi anadhani fundi kasahau kukaza nati. Tatizo ni kubwa kuliko hilo, na limeikumba dunia nzima. Ndege zipo, zimeegeshwa, injini ndizo hakuna.

ELIA: Hebu tulieleze taratibu.

NEEMA: Julai 2023, RTX, kampuni inayomiliki Pratt & Whitney, ilitangaza kwamba baadhi ya diski za ndani ya injini zake zina kasoro. Diski hizo hutengenezwa kwa unga wa metali unaoshindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Ule unga uliingia uchafu mdogo usioonekana kwa macho. Ni kama unga wa ugali wenye mchanga, kwa kuuangalia tu hujui, mpaka utafune. Sasa diski inayozunguka kwa kasi ile, usingoje kutafuna. Injini ishushwe, ifunguliwe, ikaguliwe. Karakana zenye uwezo huo ni chache, na injini moja ikienda inaweza kukaa hadi siku 300.

ELIA: Hizo ni za Airbus A320neo hasa. Airbus A220 zetu za Air Tanzania je?

NEEMA: A220 inatumia injini ndugu ya hizo, PW1500G, na hiyo ilikuwa imeshaanza kuchakaa mapema hata kabla ya tangazo lile. Unakumbuka Desemba 2018, Air Tanzania ilipokuwa shirika la kwanza Afrika kupokea A220? Tulishangilia wote, na tulikuwa na haki. Miaka minne baadaye baadhi yake zilikuwa chini zikisubiri injini. EgyptAir walikuwa nazo 12, wakaziuza zote.

ELIA: Na ndege iliyoegeshwa haiachi kula hela. Bima ipo, marubani wana mishahara, maegesho yanalipiwa. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alionyesha hasara ya ATCL, yaani Air Tanzania, imepanda kutoka shilingi bilioni 56.6 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Mimi sisemi yote ni injini, lakini ndege isiyoruka utailipiaje bila hasara?

NEEMA: Kuna msikilizaji wa Sakina, Arusha, ametuuliza kwa nini nauli hazishuki wakati mashirika ni mengi.

ELIA: Mashirika mengi, ndege chache. IATA, umoja wa mashirika ya ndege, mwishoni mwa 2024 walihesabu oda 17,000 ambazo Airbus, Boeing na wenzao hawajazitimiza. Kwa kasi ya wakati ule ni kazi ya miaka 14. Boeing yenyewe, baada ya kipande cha ubavu wa 737 MAX 9 kung'oka angani Januari 2024, Wamarekani waliibana isizidi ndege 38 za MAX kwa mwezi. Hapo huwezi kuongeza safari. Viti ni vilevile, watu wanaongezeka.

NEEMA: Na mtu asidhani mashirika ya kwetu yanavuna. Kwa makadirio ya IATA ya 2025, faida kwa abiria mmoja duniani ni kama dola 7. Afrika haifiki hata dola moja na nusu. Mafuta ghali, kodi na tozo juu.

ELIA: Lakini dada, kuna jambo ambalo hatuwezi kumtupia Pratt & Whitney. Ulaya.

NEEMA: Ndiyo. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Juni 2025 wakaweka yote yaliyopewa leseni Tanzania. Walilenga usimamizi wetu, kwamba wakaguzi wenye sifa hawatoshi. Hilo liliniuma, maana hatulingojei kutoka kiwandani. Mkaguzi unamsomesha, unamlipa vizuri asiondoke. Ndege mpya tunaipokea kwa maji na ngoma, mkaguzi mpya nani anampokea?

ELIA: Ila marufuku hiyo haizuii safari za ndani.

NEEMA: Haizuii. Ila wakala aliyeuza safari Ulaya, sheria yao inamtaka amwambie mteja ni shirika gani litambeba. Mteja akisoma tu, basi. Mwezi uliopita nilipata barua pepe ya wakala, ana familia ya watu watano: Serengeti, halafu KIA kwenda Zanzibar, siku nne Nungwi. Aliandika mistari miwili tu. Wazazi hawataki watoto wapande ndege ya ndani.

ELIA: Ukafanyaje?

NEEMA: Nikampa barabara hadi Dar na boti. Watoto wadogo, akakataa. Nikawaongezea siku mbili Tarangire, nyingine mbili wakarudi nyumbani mapema.

ELIA: Na kule Nungwi?

NEEMA: Nilimpigia mwenye hoteli mwenyewe. Akaniuliza kama ni bei, kwamba yuko tayari kupunguza. Nikamwambia kaka, bei yako haina shida.