Usianze na ile chungu kuliko zote: mhadhara kwa wanaoanza bia za krafti

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla hatujakaa nimezungumza na baadhi yenu pale mlangoni, na kauli moja imejirudia: “Bia ya krafti nilishaijaribu, ni chungu mno.” Nikauliza, ulipewa ipi? IPA. Mwingine, IPA. Hiyo ni India Pale Ale, aina ya bia yenye uchungu mwingi. Basi ombi langu leo ni hili: msianze na IPA. Anzeni kwa kutambua kila kiungo kinafanya kazi gani ndani ya glasi, na siku mtakayoirudia hiyo IPA mtaielewa.

Bia ya krafti haitengenezwi kwa kemia ya ajabu. Kinachoitofautisha ni nani anaipika na ana uhuru gani. Brewers Association, chama cha wapika bia wa Marekani, kinataka kiwanda cha krafti kisizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka, na kampuni ya vileo isiyo ya krafti isimiliki robo yake au zaidi. Mapipa milioni 6 ni bia nyingi sana, kwa hiyo mimi sihangaiki na ukubwa wa tangi. Nauliza kama mpishi aliruhusiwa kupika alichokitaka.

Uhuru huo ulipiganiwa. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua hisa za kiwanda cha bia cha Anchor, San Francisco, kikiwa karibu kufungwa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe akaanzisha kiwanda kidogo cha New Albion kule Sonoma, California. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyowaondolea kodi Wamarekani wanaopika bia nyumbani kwa matumizi yao, na wengi waliokuja kufungua viwanda vidogo walijifunzia jikoni mwao.

Sasa viungo. Ni vinne: maji, kimea, hopsi na hamira. Maji nitayaruka.

Kimea ni nafaka, mara nyingi shayiri, iliyoloweshwa ikaanza kuchipua, kisha ikakaushwa. Ikikaushwa kwa joto la wastani, kimea hubaki cheupe na bia hupata ladha ya mkate. Joto likipanda, inakuja karameli. Kikikaangwa mpaka kikawa cheusi, unaonja kahawa na chokoleti ingawa hakuna aliyeziweka. Rangi ya bia hutoka hapo, na haikuambii chochote kuhusu ukali wake. Guinness ya bomba inayouzwa Ireland, nyeusi vile, ina kileo asilimia 4.2. Duvel ya Ubelgiji ina rangi ya dhahabu, inang'aa kwenye glasi, na ina asilimia 8.5. Soma lebo, usiamini macho.

Hamira ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, kwa sababu ndiyo inayotengeneza bia. Mpishi anatayarisha maji matamu ya kimea tu. Hamira ndiyo inayokula ile sukari na kutoa kileo, gesi na harufu. Bia zina familia kuu mbili, eli na laga. Hamira za eli hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi na huacha harufu za matunda na za viungo kama karafuu. Za laga hupenda baridi, nyuzi 7 hadi 13, kisha bia huhifadhiwa wiki kadhaa karibu na sifuri, ndipo inapotulia na kuwa safi mdomoni.

Ukitaka kuthibitisha, tafuta bia ya ngano ya Bavaria, ile ya ukungu inayoitwa Weissbier. Kwa sheria ya Ujerumani, angalau nusu ya kimea chake lazima iwe ya ngano. Imimine, usiinywe. Nusa. Utapata ndizi mbivu, na nyuma yake karafuu. Nusa tena baada ya dakika tatu, bia ikiwa imepoteza baridi kidogo: ndizi inazidi. Hakuna ndizi humo, wala karafuu. Yote mawili yametolewa na hamira. Mtu akishainusa harufu hiyo na kujua chanzo chake, hawezi tena kusema bia zote ni sawa. Kwangu mimi hiyo ndiyo bia bora ya kuanzia: uchungu wake ni mdogo, na ina mengi ya kukufundisha.

Hopsi ni maua ya mmea unaojizungusha kwenye kamba. Yakichemshwa saa nzima hutoa uchungu. Yakitiwa mwishoni, au bia ikiwa imeshapoa, hutoa harufu. Hopsi za Cascade, zilizotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, zina harufu ya balungi na maua, na ndizo zilizoipa sifa bia ya Kimarekani Sierra Nevada Pale Ale mwaka 1980. Anzia kwenye peili eli ya namna hiyo, yaani eli ya kimea cheupe, uchungu wake unasawazishwa na utamu wa kimea. Kutoka hapo kwenda IPA ni hatua moja, si kuruka korongo.

Namna ya kuonja: chukua mbili kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, mililita 100 zinatosha. Pilsna, ile laga ya rangi ya dhahabu, na peili eli. Weissbier na stauti, ile eli nyeusi ya kimea kilichokaangwa. Ukiwa na moja tu unasema “nzuri” au “mbaya”. Ukiwa na mbili unaanza kusema kwa nini. Anza na nyepesi, malizia na nzito. Tumia glasi, kwa sababu mdomo wa chupa unakunyima harufu, na glasi iwe safi kweli: mapovu yakigandia ubavuni, kuna mafuta au sabuni. Usiipoze mno. Stauti nzito iliyotoka tu kwenye friji huficha harufu yake, iache ifike nyuzi 10 au 12.

Unaponunua, tafuta tarehe. IPA hupoteza harufu yake ndani ya miezi, kwa hiyo IPA ya mwaka jana hata kwa bei ya chini mimi siigusi. Chupa ya kioo kisicho na rangi au cha kijani iliyokaa dirishani pia iache. Mwanga huvunja viambato vya hopsi na kutoa harufu ya kicheche, na juani ni suala la dakika tu. Kopo ni salama zaidi, kisha chupa ya kahawia.

Na hesabuni kileo. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 9 ina kileo sawa na chupa mbili za asilimia 4.5. Aliyekuja na gari leo aonje, ateme, au ampe mwenzake funguo sasa hivi.

Glasi zilizo mbele yenu zimepangwa kutoka kushoto: pilsna, Weissbier, peili eli, stauti. IPA ninayo, iko kwenye friji, na atakayeitaka baada ya hizi nne aje kuniomba. Nuseni ya kwanza, kisha mtu mmoja aniambie amepata nini.