Dakika Kumi za Jumamosi: mhadhara kuhusu betri ya gari linalolala, Malindi

Asalaam aleikum. Hamjambo wazee wangu, kina mama, vijana. Naona viti vya mbele vimekaliwa na walinzi wa nyumba za Casuarina, na wenye magari wenyewe wamejibanza kule nyuma karibu na mlango. Haya, nitapaza sauti.

Wanaonijua washaanza kucheka, maana wajua nitakalosema. Ni lile lile. Kuwasha gari dakika kumi kila Jumamosi likiwa limesimama uani hakuchaji betri. Nimelisema garajini, nimelisema barazani, nimelisema mpaka harusini mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Na kesho asubuhi simu italia: "Fundi, gari limekataa, na tulikuwa twaliwasha kila wiki!" Kila wiki, ndiyo. Na bado limekataa.

Nianze na kisa cha kalenda. Waliokisikia wavumilie.

Kuna nyumba moja huku upande wa bahari, mwenyewe Muitaliano. Huja, hukaa, kisha huondoka tena kwa wiki kadhaa. Gari laachwa chini ya makuti, na mlinzi wa nyumba, mzee wa Kigiriama, mtu wa swala tano na neno lake moja, aachiwa funguo na amri: kila Jumamosi washa, hesabu dakika kumi, zima. Mzee hakuacha hata wiki moja. Alitundika kalenda ukutani, ile ya bure ya dukani, na kila Jumamosi akatia alama kwa kalamu nyekundu. Mvua inyeshe, jua liwake, alama ipo.

Mwenye nyumba akarudi. Akaingia garini, akazungusha ufunguo. Ka-ka-ka-ka. Kimya.

Basi pakazuka maneno. Mwenyewe asema mzee ni mwongo, alama zote alizichora siku moja, na mshahara atakatwa. Mzee asema haki ya Mungu nimewasha. Nikaitwa mimi, kufungua boneti na kuamua kesi kwa pamoja. Nikaweka mita kwenye betri: volti 11.6. Kwa wasiojua, betri ya gari iliyoshiba, ikiwa imetulia, yasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikifika 12.4 ina robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Hiyo 11.6 ni maiti, imebaki kuoshwa.

Nikaazima betri nyingine, nikaifunga, nikapitisha mita kwenye waya wa hasi. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikangoja mpaka likalala kabisa, maana magari ya siku hizi hayalali mara moja. Ukishafunga mlango kompyuta zake hukaa macho dakika kadhaa, mengine nusu saa. Lilipotulia mita ikasema mili-ampea 50, yaani sehemu hamsini za elfu za ampea moja. Si nyingi. Kengele ya wizi, saa, kumbukumbu ya redio, na kile kidude cha kulifuatilia gari likiibiwa. Kila kimoja chanyonya tone.

Sasa nikamwambia mwenye nyumba, na nawaambia nyinyi, tufanye hesabu ya darasa la nne. Mili-ampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2; ampea-saa moja ni ampea moja ikitoka kwa saa moja. Kwa siku saba ni 8.4. Betri yake ni ile saizi ya NS60, ya ampea 45 tunavyosema dukani, yaani ampea-saa 45. Kwa hiyo kila wiki zavuja 8.4.

Jumamosi mzee awasha. Stata yavuta kwa nguvu, ampea 150 hivi au zaidi, lakini kwa sekunde mbili tatu tu, na hiyo si hasara kubwa. Watu wengi huilaumu stata, waionea. Injini sasa yaunguruma polepole. Altaneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imefungwa kwa mkanda kwenye injini; injini ikizunguka polepole, nayo yazunguka polepole, na kidogo inachotoa chaanza kuliwa na injini yenyewe, pampu ya petroli, plagi, na feni ikianza. Kama mtu amewasha na ac apate baridi akingoja, ndiyo basi, huenda betri haipati kitu. Lakini niwe karimu. Tuseme ampea 10 zafika kwenye betri. Ampea 10 kwa dakika kumi ni ampea-saa 1.7.

Zimetoka 8.4, zimeingia 1.7. Huo ni mtungi uliopasuka, wavuja juma zima, nawe Jumamosi watia kata moja ya maji na kujipongeza. Kila wiki upungufu ni karibu 7. Wiki ya nne umepoteza 27 katika 45, na gari laanza kusitasita. Wiki ya tano au ya sita, ka-ka-ka.

Mzee hakusema uongo. Alitii amri, na amri ndiyo iliyokuwa mbovu. Mshahara wake akapewa wote, hilo nalisema kwa furaha. Betri haikurudi. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nimjibu yule bwana pale nyuma anayetikisa kichwa.

Najua wataka kusema nini. Marehemu baba yako alikuwa na Peugeot 504, akiiwasha Ijumaa kwa Ijumaa, na betri ilidumu miaka. Nakubali! Nilikuwa nazitengeneza. Lakini 504 ya baba yako ilipozimwa ilizimika. Haikuwa na kengele, haikuwa na kompyuta, haikuwa na cha kuifuatilia. Nani angeiiba, na angeificha wapi Malindi hii? Labda saa ya kwenye dashibodi, nayo mara nyingi ilikuwa imekufa. Mtungi wa baba yako haukuwa na ufa, kata moja ilitosha. Wako una ufa uliolipia mwenyewe kwa fundi wa kengele.

Na mwingine atasema: betri yangu ni ile isiyohitaji kutunzwa, ina jicho, na jicho ni la kijani. Ndugu yangu, betri ya volti 12 ina vyumba sita ndani, kila kimoja volti mbili na kitu. Jicho lachungulia chumba kimoja tu. Vile vitano vingine huenda vina msiba.

Haya, kwa nini betri iliyoisha hairudi. Ndani mna mabamba ya risasi yamezama kwenye asidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, na mpaka leo kazi ni ile ile. Betri ikitoa umeme, kwenye mabamba hujengeka utando mweupe, salfati ya risasi. Ukichaji mapema, utando wayeyuka, asidi yarudi nguvu. Ukiuacha, wawa jiwe. Mliopita Gongoni mmeona mashamba ya chumvi. Chumvi ikianza kuganda waivuruga kwa mkono. Iache ipigwe jua, rudi baadaye, utataka jembe. Betri ikikaa chini ya 12.4 wiki baada ya wiki ndiyo hali hiyo, na hakuna jembe la kuingiza mle ndani. Utaichaji, mita itasoma vizuri jioni, asubuhi haina kitu, kwa sababu nafasi ya kuwekea umeme imezibwa.

Na joto letu halisaidii. Hata betri iliyofunguliwa waya zote, imekaa kabatini, hupungua yenyewe polepole, na kila joto likipanda nyuzi 10 upungufu huo huenda karibu mara mbili. Kule Ulaya maneno yote ni baridi, baridi. Baridi huikamata betri asubuhi isiwashe, kweli, lakini joto ndilo linaloila. Ukisoma kitabu cha gari kilichoandikwa Ujerumani kikakwambia betri yaweza kukaa miezi mitatu, wewe wa hapa hesabu nusu yake. Basi ukiegesha, egesha kivulini, si kwa ajili ya rangi tu.

Sasa dawa. Naona mwenyekiti ameangalia saa, nitakwenda mbio.

Dawa ya kwanza ni kuendesha. Kuendesha, si kuwasha! Toka Malindi nenda mpaka Watamu, kunywa madafu, rudi. Barabara nyoofu, injini yazunguka sawasawa, ac umeizima kama waweza kustahimili. Mara moja kwa wiki yatosha kulipa deni la wiki kwa gari zima. Na injini yenyewe yapata moto wa kutosha kukausha maji kwenye oili na eksozi, jambo ambalo dakika kumi za uani hazifanyi, zaongeza maji. Kuzunguka kutoka Maweni hadi sokoni na kurudi hakuhesabiki. Na kama betri ishafika nusu, hata Watamu haitoshi, kwa sababu betri hupokea haraka mwanzoni kisha hunywa kwa kijiko. Ile robo ya mwisho yataka saa nyingi. Hapo ni chaja, usiku kucha.

Ya pili, kama huendeshi kabisa: fungua waya wa hasi. Spana namba 10, dakika mbili. Hasi kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi ukifungua chanya itapiga cheche utaruka. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Bure, hakuna cha kununua, na ufa umezibwa.

Lakini, lakini, lakini. Najua. Redio! Gari limetoka Japani na redio yake, ukifungua betri redio yafunga mlango, yakutaka namba ya siri au kadi ya ramani ambayo ilibaki kwa Mjapani aliyeliuza, na yote hayo yaandikwa kwa Kijapani. Mimi mwenyewe gari langu lina kioo kizuri cha redio ambacho tangu 2019 chaniandikia sentensi ile ile, sijui ni salamu au matusi. Kwa hiyo kama redio ni kipenzi chako, au kidude cha kufuatilia gari ni sharti la bima, usifungue waya. Nunua chaja ndogo ya kutunza, ile inayojipunguza betri ikishiba. Yaweza kukaa imechomekwa miezi. Stima ikikatika, ikirudi yaendelea. Usitumie chaja lile kubwa la garaji la zamani ukaliacha wiki nzima. Hilo halina akili, litachemsha asidi mpaka mabamba yabaki makavu.

Ya tatu ni sola. Watu wa Lamu ndio wateja wangu wa sola, na Lamu mjini wanatumia punda! Ndiyo, lakini magari yao yako Mokowe, upande wa bara. Mtu aegesha pale, apanda boti, aenda kwake wiki tatu, na gari lapikwa juani ng'ambo bila hata waya wa stima karibu. Hapo sola ya wati 10 yatosha, pamoja na kidhibiti chake cha chaji. Tahadhari moja tu: msichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara kabla hamjapima. Kwenye magari mengi tundu lile hufa ukitoa ufunguo, na sola yako itakuwa pambo la dashibodi. Unganisha kwenye betri yenyewe.

Maji ya betri: ya dukani tu, yaliyosafishwa. Si ya kisima, maji ya visima vyetu mwayajua chumvi yake. Betri kuwekwa chini kwenye sakafu ya saruji kuisha: ya zamani hiyo, enzi za makasha ya mbao na mpira, plastiki haina neno. Kujampu kutoka gari jingine: waya mweusi wa mwisho usiubane kwenye betri mbovu, ubane kwenye chuma cha injini mbali kidogo, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Ikishawaka, msisimame kupiga soga. Watamu!

Ya kupima nilitaka kuieleza kwa kirefu na muda umeisha, naisikia adhana. Basi tufanye hivi. Wenye magari hapo nje, fungueni boneti sasa hivi, kisha fungeni milango, na funguo mziweke mbali na gari. Asiguse rimoti mtu. Twende tukaswali. Tukirudi yatakuwa yamelala, na mita ninayo kwenye mkoba.