Kuzisoma pembe za anga katika vitabu vya kale

Asanteni, karibuni. Hapa ubaoni nimeandika herufi za Kiarabu katika safu tatu: dali, kisha ye na he, kisha ye na be. Aliyefundishwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ina thamani ya namba, ameshazisoma: 4, 15, 12. Hadi hapo hakuna kazi. Kazi ni kujua hiyo 4 ni nne ya nini, na hesabu imeanzia wapi.

Namba hizi ni mahali pa nyota moja angani, Kalbu l-Asadi, moyo wa Simba, ambayo ramani za leo zinaiita Regulus. Mwanafalaki Abdurrahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, aliiweka mahali hapo, na nimepaandika kwa desturi ya majedwali ya falaki ya zama zile: safu ya kwanza burji, yaani makundi 12 ya njia ya jua, ya pili nyuzi, ya tatu dakika, ambazo 60 hufanya nyuzi 1. Burji moja ni nyuzi 30, na burji 12 hufunga duara la nyuzi 360. Wengi huteleza kwenye ile 4. Wanahesabu Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, halafu wanasema nyota imo katika Kaa. Haimo. Nne ni burji zilizokwisha kupitwa. Kondoo ni sifuri. Kwa hiyo tumo ndani ya Simba: 4 mara 30 ni 120, jumlisha 15, tunapata nyuzi 135 na dakika 12.

Sasa tuseme mnakili alikuwa na haraka, hakutia nukta. Ye ya mwanzo na nuni ya mwanzo bila nukta ni kijino kilekile kimoja. Ye ni 10, nuni ni 50. Kwenye safu ya nyuzi hatuna wasiwasi: ndani ya burji nyuzi hazifiki 30, hivyo 55 haiwezekani, lazima iwe 15. Lakini kwenye safu ya dakika, 12 na 52 zote zinawezekana. Utaamuaje? Hapo as-Sufi mwenyewe anatusaidia, maana hakuipima kila nyota upya. Alichukua orodha ya Ptolemaio wa Aleksandria, ya karne ya 2, akaongeza nyuzi 12 na dakika 42 kwa kila nyota, kwa sababu nyota husogea polepole kuelekea mashariki tukizipimia kutoka nukta ya machipuko, yaani mahali jua lilipo angani mwezi Machi usiku na mchana vinapolingana. Ptolemaio aliiweka nyota hii nyuzi mbili na nusu ndani ya Simba. Ongeza 12 na 42, unapata 15 na 12. Hamsini na mbili imeanguka. Mimi namwamini Ptolemaio kuliko nukta za mnakili, ingawa naye ana balaa lake: katika miswada ya Kigiriki alfa, yaani 1, na delta, yaani 4, zinafanana mno.

Mwaka 1543 Copernicus, mwanafalaki wa Poland, anachapisha nyota hiyohiyo: 115, 50. Je, imerudi nyuma nyuzi 20? Haijarudi. Yeye ameacha burji, anahesabu nyuzi moja kwa moja hadi 360, na ameanzia kwenye nyota ya kwanza ya Kondoo badala ya nukta ya machipuko. Nyota hiyo ya Kondoo, kwa Ptolemaio, iko nyuzi 6 na dakika 40. Ondoa 6 na 40 kwenye 122 na 30, unapata 115 na 50. Namba mpya, kipimo kilekile cha zamani! Leo, kutoka nukta ya machipuko, nyota hii imefika nyuzi 150 hivi.

Burji hazikufa hapo. Almanaka ya mabaharia wa Uingereza, iliyoanza na mwaka 1767, bado iliandika mahali pa jua kwa burji, nyuzi, dakika na sekunde. Na mkikutana na majedwali ya Alfonso, yale ya falaki yenye jina la mfalme wa Kastilia wa karne ya 13, tahadharini: humo kuna burji ya nyuzi 60, kwa hiyo 122 na nusu huandikwa 2, 2, 30.

Vidole, kipimo kingine cha anga, navyo vina mtego wake. Katika habari za kupatwa kwa jua, kidole ni sehemu 1 ya 12 ya upana wa jua; vidole 6, nusu ya upana imefunikwa. Lakini katika maandishi ya Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetunga hata shairi la njia ya Sofala, kidole ni sehemu 1 ya 224 ya duara zima, yaani nyuzi 1 na dakika 36. Jina moja, na cha pili ni kikubwa mara 36 hivi kuliko cha kwanza.

Nahodha alipima vidole hivyo kwa kibao na uzi wenye mafundo, kutoka upeo wa bahari hadi nyota. Kidole kimoja cha kwenda kaskazini au kusini kilikuwa zamu 8 za safari, kila zamu saa 3. Kaskazini walipima Jaa, nyota ya kaskazini. Ilipowazamia walihamia Farkadani, nyota mbili za Dubu Mdogo, na kusini zaidi Naashi, nyota za Dubu Mkubwa. Kwa hiyo ukisoma tu kwamba bandari fulani iko "vidole vitano", bado hujajua iko wapi mpaka uambiwe ni vidole vya nyota gani.