Lugha ya Kubuni Nayo Iwe na Wahenga

Mabibi na mabwana, nianze na maneno mnayoyatamka kila siku: ulimi, ndimi, ukuta mrefu, kuta ndefu. Hakuna aliyekaa kitako akaamua l na r zigeuke d. Zilikutana na n, kinywa kikatafuta wepesi, ikatoka nd.

Anayebuni lugha akitaka isikike kama imewahi kusemwa na watu, somo lake liko hapo. Zamenhof alipotoa Kiesperanto, lugha aliyoibuni ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, mwaka 1887 alitaka kanuni zisizovunjwa, ili watu wajifunze upesi. Sisi tunatafuta kitu kingine. Wengi tukianza hupachika maneno makaidi, yasiyofuata kanuni, popote, tukidhani ndiyo uasilia. Sikio hulitambua neno lililopachikwa.

Anzeni na lugha ya kale iliyoizaa hiyo mnayoitaka. Tuseme zamani laka ni jiwe, laki ni mawe. Sola ni mti, soli ni miti. Leteni kanuni mbili: k ikifuatwa na i huwa ch, kisha irabu ya mwisho hudondoka. Jiwe linakuwa lak, mawe lach. Mti na miti, vyote sol! Sasa geuzeni mpangilio. Irabu ikidondoka kwanza, i ya kuizaa ch haipo tena, na hata jiwe na mawe havitofautiani. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu wasemaji wenu wamebanwa na lazima wajitafutie njia. Huenda wakashika neno lenye maana ya "wengi", wakalitanguliza mbele ya nomino, likachakaa kizazi hadi kizazi mpaka likagandamana nayo. Kiswahili kinaijua njia hiyo: ta ya "atakuja" ni taka iliyochakaa, na mkitaka kuiona nzima, semeni "atakayekuja".

Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alizilea Quenya na Sindarin, lugha mbili alizozibuni, hivi hivi, kutoka asili moja: neno moja la kale la mti likawa alda katika Quenya, galadh katika Sindarin.

Kwa hiyo katika zoezi la leo wekeni kamusi kando. Andikeni maneno 20 ya kale, kanuni 3 za sauti, mzipitishe moja baada ya nyingine kwa kila neno. Likitoka neno msilolipenda, msilibadilishe lenyewe. Rudini mkaguse kanuni, kisha mpitishe yote 20 upya.